Muuzaji Hukumba Maji

Bibi yangu, Biasha binti Sadala, hakuwahi kushika usukani wa gari hata siku moja, wala hakutaka. Lakini katika Kibiti nzima ya siku zile za Mwingereza hakukuwa na mwanamke mwingine aliyelala chali chini ya Landrova mchana kweupe, kanga kaifunga kibwebwe, wanaume wamejaa barazani wanamwona nyayo tu. Watu walicheka. Wengine walisema Muhidini kaoa fundi wa karakana. Mimi ndiye mjukuu niliyebeba jina lake, ingawa yeye mpaka anaingia kaburini hakuniita kwa jina hilo ila "mke mwenzangu". Naona heri niiandike habari hii mwenyewe kabla wajukuu wa Abdulkarimu, aliyekuwa mwenye gari hilo, hawajaiandika kwa namna wanayoipenda wao.

Alizaliwa Salale, ndani ya delta, mahali ambapo ukitoka mlangoni unakanyaga matope na ukitoka kwenye matope unakanyaga mtumbwi. Baba yake, Sadala Mtoro, alikuwa fundi wa kalafati, yaani kazi ya kuziba mianya ya mbao za vyombo kwa pamba iliyorowekwa mafuta ya papa. Mafuta hayo huitwa sifa, na sijui nani aliyeyapa jina zuri namna hiyo, maana harufu yake ikishakuingia haikutoki. Sadala hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo aliyesokota pamba na kuchemsha sifa alikuwa Biasha. Babu Muhidini alikuwa akiapa kwamba siku ya harusi, pamoja na liwa yote na udi wote aliofukizwa, bibi harusi alinukia papa. Bibi hakuwahi kulikanusha jambo hilo. Alisema tu kwamba aliyelalamika hakurudisha mali.

Mzee Sadala alikuwa na sheria yake moja ya kuuza chombo, na hakuivunja kwa ndugu wala kwa mgeni. Kabla mnunuzi hajauliza lolote, yeye mwenyewe alimzungusha na kumwonyesha kila ubovu: hapa pana ufa, hapa mbao imechoka, hapa hutokwa na maji bahari ikijaa. Kisha siku ya safari ya kwanza alipanda pamoja na mnunuzi, akashika kata ya kutolea maji yaliyoingia, akawa ndiye mkumba maji mwendo mzima, kwenda na kurudi. Ukiuza chombo kibovu, alikuwa akisema, mgongo wako ndio utakaotoa ushahidi.

Alipofariki alimwachia Biasha mashua moja aliyoiunda kwa mikono yake, jina lake Radhi. Wakati huo Biasha alikuwa ameshaolewa bara, Mtawanya, kwa Muhidini Haruni, kwa hiyo mashua ilibaki Nyamisati mikononi mwa binamu yake Husseini.

Babu yangu Muhidini alikuwa mkulima kwa lazima na dereva kwa moyo. Alijifunza kuendesha kwenye malori ya jeshi wakati wa vita vya Hitila, akarudi na leseni aliyoihifadhi ndani ya kopo la kahawa chini ya kitanda. Gari hakuwa nalo. Mara kwa mara alilitoa kopo, akaitazama leseni, akairudisha. Huku nje mvua za masika zilipoanza, barabara iligeuka uji, malori ya wafanyabiashara hayakuthubutu kushuka Mtawanya, na ufuta na mpunga wa watu ulikaa majumbani mpaka panya wakanenepa. Kila mtu alijua kinachotakiwa ni gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne.

Gari hilo alikuwa nalo Abdulkarimu, mfanyabiashara wa boriti pale Kibiti. Alilipata kwa Bwana Miti mmoja, yaani ofisa wa misitu, Mzungu aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Abdulkarimu mwenyewe hakuhitaji gari. Alihitaji mashua, kwa sababu boriti zake zilikuwa zimeshakatwa, zimelala matopeni huko delta, na vyombo vya kukodi vilikuwa vinamtia hasara. Alisikia habari za Radhi. Akatuma ujumbe kwa Muhidini: chombo kwa chombo, hakuna nyongeza.

Babu alirudi nyumbani na habari hiyo akikimbia. Bibi aliisikiliza mpaka mwisho. Duniani alikuwa na kitu kimoja tu kilichokuwa chake peke yake, nacho ni ile mashua. Ikienda, na gari likifa kwenye matope ya masika ya kwanza, hatakuwa na bahari wala bara. Lakini na yeye aliuona ule ufuta na wale panya, na alimwona mumewe na kopo lake. Akasema, "Tukaione."

Siku ya kwanza ya kulikagua ilikuwa Ijumaa, baada ya sala. Abdulkarimu alikuwa amelipanga uani nyuma ya duka, limeoshwa mpaka rangi yake ya kijani inang'aa, juu ya mchanga mweupe uliofagiliwa. Babu alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ipo, imefika alamani. Akawasha. Injini ikaitika mara moja. Akazunguka nalo ua mzima, akaenda mbele na nyuma, akarudi amesahau kufunga mdomo.

"Mama Haruni, gari hii nzima," alisema, akimwita Bibi kwa jina la mtoto wao.

"Juu nzima. Chini je?"

"Chini kuna nini?"

"Si ndiyo n'nakuuliza weye dereva?"

Abdulkarimu alikuwa mtu wa maneno matamu, na alipocheka tumbo lilitangulia. "Bi Biasha, kizuri chajiuza. Angalia utakapo, juu, chini, pembeni. Ukitaka lala ndani."

Bibi aliomba jamvi. Akalitandika ubavuni mwa gari, akalala, akajisukuma chini. Hapo ndipo barazani walipoanza kucheka, na Babu, kwa aibu, akasema kwa sauti kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bibi alikuwa na kipande cha bafta nyeupe. Alikipitisha kila alipoona chuma kimekutana na chuma: pale injini inapoungana na giaboksi, tumbo la difu ya nyuma, difu ya mbele, na sehemu ya ndani ya kila gurudumu. Kitambaa kilitoka na vumbi, basi. Tone la oili hakuna. Chesisi yote, ule uti wa mgongo wa gari ambao yeye aliuita mkuku kama ule ubao wa chini wa mashua, ilikuwa imepakwa lami mpya. Hiyo nayo aliipenda. Kwao mwenye kukipaka chombo chake lami ndiye mwenye kukitunza.

Salale, kukauka ndiyo sifa kubwa ya chombo. Mwanamke akitaka kujivunia mume fundi husema kwamba ndani ya mashua zake unaweza kutandika msala ukasali. Kwa hiyo Bibi alipokuta chini ya lile gari pakavu namna ile, moyo wake ulitulia. Kosa alilolifanya ni la mtu wa delta. Mtu wa bara asingelifanya, kwa kuwa asingejua hata cha kufurahia.

Alitoka chini akajikung'uta. "Nimeridhika," alisema, mbele ya watu wote wa barazani. Wakakubaliana Fatiha ya kufunga biashara isomwe Ijumaa inayofuata. Njia nzima ya kurudi Mtawanya Babu alikuwa anabadilisha gia hewani.

Katikati ya juma Husseini alikuja kutoka Nyamisati na mafungu ya samaki wa ng'onda. Alimkuta Bibi uani anapepeta mchele, akajikalia kwenye kinu kilicholazwa.

"Dada, mtu wa Abdulkarimu kaja kuiona Radhi," alisema. "Nikamwambia kasoro zote kama ulivyoniagiza. Akaingia ndani, kakuta maji kidogo chini, kakunja uso utadhani kaona chatu."

Bibi akacheka. "Mjinga huyo. Mashua iliyo majini sharti ilie kidogo. Isiyo na hata tone ndani ni ile iliyopandishwa pwani, haina kazi, imekaa inaota jua..."

Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Dada, vipi tena?"

"Ile gari ilikuwa kavu, Husseini."

"Si ndiyo uzuri wake?"

"Kavu kwa kuwa imezibwa vizuri, au kavu kwa kuwa hamna kitu ndani?"

Husseini alikuwa hajawahi hata kupanda gari dogo. Bibi aliuweka ungo chini, akamngojea mumewe arudi kutoka shamba. Hakumpa hata nafasi ya kunawa miguu.

"Baba Haruni, ulipima oili ya injini. Ya giaboksi ulipima?"

Babu akatazama jembe lake.

"Na ya difu?"

"Hizo hazina kijiti," alisema.

"Zina nini?"

"Zina vizibo. Hufunguliwa kwa spana, pembeni. Oili ikiwa sawa, hufika mdomoni mwa tundu."

"Basi kesho twende na spana."

Hapo wakagombana, na waligombana kweli. Babu alisema Bibi ameshasema ameridhika mbele za watu, sasa yeye mumewe atakwenda Kibiti na uso gani. Bibi alimwambia uso wake utakuwa ule ule aliozaliwa nao, lakini mashua ya baba ikishaondoka hairudi. Babu akasema anamvunjia bahati. Akasema maneno mengine ambayo aliyaruka kila aliponihadithia. Alilitaka gari lile mpaka alikuwa anaogopa kulijua, na jambo hilo alinikubalia mwenyewe uzeeni, lakini kwa sauti ya chini, Bibi akiwa jikoni.

Asubuhi walikwenda kwa miguu, Bibi mbele, spana mkononi mwa Babu, na kwenye kikapu cha Bibi kisu na nyundo ya mti aliyoachiwa na baba yake. Abdulkarimu alikuwa dukani na wateja.

"Bi Biasha, si ulikwisha ridhika weye?"

"Niliridhika na nilichokiona. Leo n'nataka nione nisichokiona."

Mmoja wa barazani akasema mwanamke hana kauli moja. "Mie n'nazo mbili," Bibi alimjibu. "Ya kwanza ilikuwa na haraka." Akapita uani.

Babu akaingia chini na spana. Kizibo cha giaboksi kilikuwa kigumu, kikalia, kikafunguka. Akatia kidole, akakitoa. Kilikuwa na weusi kidogo kwenye ncha. Akafungua difu ya nyuma, akatia kidole chote mpaka kwenye shina, kikatoka kikavu, ndani ni kama chungu kilicholambwa. Difu ya mbele ilikuwa na oili ya kupaka mkate. Babu alibaki kule chini muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Alikuwa dereva wa jeshi, na Ijumaa alikuwa amezunguka ua mzima anachekelea gari ambalo lingesagana meno kabla ya kufika Ikwiriri.

"Oili ghali siku hizi," alisema Abdulkarimu bila kutahayari. "Kila mnunuzi hutia yake."

"Vizuri. Leo tia weye, maana gari ingali yako."

Kulikuwa na watu wanasikiliza, ikabidi debe lije. Wakajaza kila tundu mpaka oili ikafika mdomoni, wakafunga. Babu akalipeleka gari njia ya Mtawanya na kurudi, kwa mwendo wa kawaida, chuma kipate moto. Liliporudi Bibi alitandaza ile bafta chini ya tumbo lake, akaigandamiza kwa mawe. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, watu wakaenda kusali. Waliporudi aliivuta, akaikunjua mbele yao. Nyuma palikuwa na doa la upana wa kiganja. Katikati, chini ya maungio ya injini na giaboksi, kulikuwa na doa dogo, na penye gurudumu la mbele vitone viwili vitatu.

Bibi aliyagusa moja moja. "Hili jasho. Na hili jasho. Hili mkojo. Jasho nitafuta mwenyewe, chombo cha kazi hakikosi jasho. Mkojo sinunui."

Hata Abdulkarimu alicheka. Akasema ni sili tu hiyo ya difu, ule mpira wa kuzuia oili, ataagiza mpya, yeye si mtu wa kugombana kwa kitu kidogo. Babu akashusha pumzi. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha.

"Bado shehena," Bibi alisema. "Na kwetu muuzaji hupanda safari ya kwanza."

Akaeleza sheria ya baba yake. Abdulkarimu aliipenda, ilimchekesha. "Nitapanda, kwa nini nisipande? Upepo wa bure huo."

"Basi tupakie yale magunia ya chumvi yaliyo dukani kwako, twende Nyamisati."

Uso wa Abdulkarimu ulibadilika. Haukubadilika sana, lakini Bibi alikuwa anautazama.

"Kupanda nitapanda," alisema. "Kupakia, hapana. Gari hii ya watu, Bi Biasha, si ya magunia."

"Sie twaitakia magunia."

"Basi pakieni kidogo. Pakieni mbele, mapajani. Nyuma pumzisheni."

Bibi hakubishana. Alichukua kikapu chake, akatandika tena jamvi, safari hii upande wa nyuma. Alichokifanya huko chini ndicho alichokifanya utotoni kwenye mashua za watu. Aligonga kwa ile nyundo ya mti, akasikiliza, akasogea, akagonga tena. Mbao nzima hujibu. Iliyooza hunyamaza. Na chuma cha chesisi, kutoka mbele mpaka katikati, kilijibu kila alipokigonga. Alipopita katikati kikaanza kusita. Nyuma kabisa, pale mzigo wote unapokalia, kilinyamaza. Alichukua kisu akaikwangua lami. Chini ya lami kulikuwa na kutu iliyotoka kwa vipande, na chini ya kutu kisu kikaingia.

Alitoka na unga wa lami kwenye nyusi. Kilichomuuma hakikuwa Abdulkarimu. Aliniambia kwamba pale alijisikia kama amempiga baba yake kofi, kwa sababu wauza vyombo vibovu wa delta hufanya vile vile, hupaka lami juu ya mbao iliyooza, na yeye jambo hilo alilijua tangu hajaota meno ya pili. Ijumaa aliiona ile lami akaisifu.

"Ilizama?" aliuliza.

Abdulkarimu alitazama barazani kuona nani anasikia. Wote walikuwa wanasikia. "Ilikwama kwenye matope ya mikoko," alisema. "Maji yakajaa yakaikuta, ikalala humo mpaka yalipotoka. Si mara moja. Lakini si mie niliyeizamisha."

"Ila ni weye uliyeipaka."

Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio cha Abdulkarimu kilikuwa hakijatoka sauti bado, lakini watu walishakisikia. Babu alimshika Bibi mkono. "Twende nyumbani, Mama Haruni. Gari imekwisha hii." Machozi yalikuwa karibu, mwanamume mzima, na Bibi alimhurumia kuliko alivyokuwa amemkasirikia.

"Haijaisha," alisema. "Ubao ukioza hutolewa ubao. Hakitupwi chombo."

Akamgeukia Abdulkarimu na kumwambia anachotaka. Gari liende Dar es Salaam polepole, tupu, likatwe chuma chote kilichokufa, litiwe kipya. Sili zibadilishwe. Oili ijazwe kila tundu. Yote juu ya mwenye gari. Kisha lirudi lipakiwe mpaka lishibe, na yeye Abdulkarimu apande, akae na debe la oili, na kila wakisimama ashuke yeye kupima na kuongeza. Asipotaka, mashua haing'oi nanga.

"Kwa nini nishuke mie? Si dereva yupo?"

"Kwa sababu muuzaji ndiye mkumba maji."

Abdulkarimu alikaa kwenye ngazi ya mlango wake wa uani. Sitaki kumwonea, maana angeweza kuwafukuza. Boriti zake zilikuwa matopeni, hilo ni kweli, lakini mashua nyingine zilikuwepo. Baadaye aliuliza kitu ambacho Bibi hakukitarajia.

"Mtu wangu alipokwenda kuiona mashua yako, huyo binamu yako alimtajia kasoro zake zote. Mshono wa chini kushoto hutokwa na maji bahari ikijaa kwa bamvua. Foromali, ule mti wa kufungia tanga, imeungwa. Usukani mzito. Nikasema hapa pana hila. Muuzaji gani hutaja ubovu wa mali yake?"

"Yule atakayekumba maji," Bibi alisema. "Mie nitapanda, Bwana Abdulkarimu. Nikikuficha tundu, najificha mwenyewe."

Abdulkarimu alitikisa kichwa, si kwa kukataa. "Haya," alisema. "Nitalipeleka."

Gari lilirudi kutoka Dar es Salaam likiwa na chuma kipya nyuma, kijivu kitupu, na mistari ya kuchomelea inaonekana wazi. Abdulkarimu alitaka kulipaka. Bibi alikataa mpaka amalize kugonga, na aligonga kila sehemu, na kila sehemu ilijibu. Ndipo wakapakia magunia. Abdulkarimu alikuja na kanzu nyeupe ya Ijumaa, nadhani kwa kutaka kuonyesha kwamba shauri hili ni mchezo tu kwake, akakalishwa juu ya chumvi yake mwenyewe na debe la oili mapajani.

Babu alinihadithia safari ile mara nyingi kuliko harusi yake. Mchanga uliwashika, gari likavuta kwa miguu yote minne, likatoka. Bondeni palikuwa na tope jeusi, likaingia, likalalama, likapanda ng'ambo. Kila waliposimama, Bibi aligeuka tu nyuma akatazama, naye Abdulkarimu alishuka, akapiga magoti, akatazama chini, akafungua vizibo, akatia kidole. Mara ya kwanza alinung'unika. Baadaye alianza kumwambia Babu habari mwenyewe: difu kavu nje, ndani imejaa, pale katikati panatoka jasho kidogo tu. Walipofika Nyamisati kanzu yake ilikuwa nyeusi magotini, na yeye ndiye aliyekuwa anawaeleza wavuvi gari lile linavyotakiwa kutunzwa. Fatiha ilisomwa pale pale pwani, Husseini ndiye aliyeongoza.

Kisha ikawa zamu ya Radhi.

Bibi alipandisha kanga, akaingia majini, akapanda. Kata ya kukumbia maji ilikuwa mahali pake, chini ya ubao wa nyuma, kata ya mti aliyoichonga Mzee Sadala, mpini wake umelika pale kiganja chake kilipokuwa kikishika.

"Bi Biasha, si lazima," alisema Abdulkarimu. "Mie nna mabaharia. Yatosha ulivyosema."

"Weye ulishuka kila kituo," Bibi alisema. "Sogea nikae."

Wakaenda kwenye mikoko, wakapakia boriti mpaka mashua ikazama kufikia kiasi chake, wakarudi na maji yanayojaa. Mshono wa chini kushoto ulitokwa na maji, kama Husseini alivyotaja. Alikaa juu yake na kukumba. Ile pamba ya mshono aliisokota yeye na aliyeigongomea ni baba yake, na alijua kuanzia siku ile atakayeizibua na kuitia mpya atakuwa mtu mwingine. Alilia. Hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa uso wake ulikuwa umelowa hata hivyo, na hakuacha kukumba. Hata walipofika, maji yalikuwa yamebaki ya kulowesha nyayo tu.

Aliipindua kata, ikachuruzika, akamkabidhi Abdulkarimu. Abdulkarimu aliutazama ule mpini uliolika.

"Chukua hii ukae nayo," alisema. "Ya marehemu baba yako."

"Kata ya chombo," Bibi alisema. "Utaihitaji."

Akashuka. Babu alikuwa anamngojea juu pwani, injini inaunguruma, mkono mmoja nje ya dirisha kama walivyofanya madereva wa jeshi. Bibi alipanda mbele. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana na kuwa vyeupe kwa maji. Alikaa akaitazama barabara ya Kibiti iliyo mbele yake, wala hakugeuka nyuma, ijapokuwa sauti za mabaharia wakishusha boriti za watu kwenye mashua ya baba yake zilimfikia vizuri.

"Umeangalia oili?" aliuliza.

"Nimeangalia."

"Ya wapi?"

Babu alizima injini, akachukua spana, akaingia chini.